George Stephenson, Mchunga Ng'ombe Aliyeacha Kipimo cha Reli

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii twawaletea habari za George Stephenson, fundi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1848. Huenda wengine wakauliza, sisi watu wa Bukoba na Muleba tuna haja gani na fundi wa reli, hali mkoa wetu wa Kagera hauna hata hatua moja ya reli ya abiria? Ni kweli. Mtu wa kwetu akitaka kupanda treni, njia yake ya zamani ni kuvuka Ziwa kwa meli hadi Mwanza, ndipo aikute reli iliyofika huko mwaka 1928.

Lakini Ziwa letu lenyewe limewahi kuwa kama sehemu ya reli. Tangu miaka ya 1960 zilikuwapo meli zenye reli juu ya sitaha, kama vile Umoja na Uhuru. Mabehewa yenye mizigo yalisukumwa ndani ya meli katika bandari ya Mwanza, yakavushwa, na yalipofika Kisumu, Port Bell au Jinja yalitoka nje yakaendelea na safari juu ya reli za nchi nyingine. Hakuna gunia lililoshushwa wala kupakiwa upya. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu moja tu: Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na reli za upana mmoja, yaani mita 1 kamili kutoka uso wa ndani wa chuma kimoja hadi uso wa ndani wa chuma cha pili.

Upana huo ndio tunaouita kipimo cha reli. Mtu aliyeuonyesha ulimwengu faida ya kuwa na kipimo kimoja ni huyu George Stephenson. Twaandika pia kwa ajili ya vijana wetu wenye mikono ya ufundi, wale wanaotengeneza magari kwa waya, makopo na kandambili zilizochakaa. Mwisho wa habari hii tutawaeleza namna ya kutengeneza kigezo cha kujengea reli ndogo ya mfano.

Utoto wake

Stephenson alizaliwa tarehe 9 Juni 1781 katika kijiji cha Wylam, karibu na mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchochea moto wa injini ya mvuke iliyovuta maji kutoka mgodi wa makaa ya mawe. Mshahara wake ulikuwa mdogo na watoto walikuwa wengi, hivyo hakuna aliyepelekwa shule. Mbele ya mlango wa nyumba yao ilipita njia ya reli za mbao, ambamo farasi walivuta magari ya makaa kwenda mtoni. Kwa hiyo George aliona reli kabla hajaona kitabu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunga ng'ombe wa mama mmoja mjane, kwa peni 2 kwa siku. Akiwa malishoni alikaa na rafiki yake kando ya kijito, wakafinyanga injini kwa udongo na kutumia mabua ya majani yenye uwazi kuwa mabomba. Wazazi wanaoona mtoto akichezea udongo na kudhani anapoteza wakati wake, na wakumbuke habari hii.

Alipokua kidogo aliendesha farasi mgodini, kisha akawa msaidizi wa baba yake kwenye moto wa injini. Siku za mapumziko aliifungua injini, akaisafisha na kuirudisha kipande kwa kipande, mpaka akaijua kuliko waliomtangulia. Lakini alipofika umri wa miaka 18 alikuwa bado hajui kusoma. Alisikia kwamba habari za injini mpya zimeandikwa vitabuni, akaona aibu yake na hasara yake. Akaanza kwenda kwa mwalimu usiku baada ya kazi, akilipa peni chache kwa juma. Alipokuwa na miaka 19 aliweza kuandika jina lake. Hesabu aliipenda zaidi, na alifanya mazoezi yake kando ya moto wa injini.

Msiba na kazi

Mwaka 1802 alimwoa Frances Henderson, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Robert. Ili kuongeza kipato alishona viatu na kutengeneza saa za majirani. Halafu misiba ikafuatana. Mtoto wao wa kike alikufa akiwa na umri wa majuma machache, na mwaka 1806 Frances mwenyewe akafa kwa kifua kikuu. Stephenson alimwacha mwanawe mikononi mwa watu, akaenda kwa miguu mpaka Scotland kutafuta kazi. Aliporudi na akiba yake alimkuta baba yake amepofuka, kwa kuwa mvuke wa injini ulimpiga usoni. Akiba ikaenda kulipa madeni ya mzee na kuwatunza wazazi.

Mlango ulimfungukia mwaka 1811. Katika mgodi wa Killingworth palikuwa na injini ya kuvuta maji iliyowashinda mafundi wengi, na mgodi ukabaki umejaa maji. Stephenson aliomba aijaribu. Aliifungua, akabadili sehemu kadhaa, na baada ya siku chache mgodi ukawa mkavu. Mwaka 1812 alifanywa fundi mkuu wa injini za migodi ya hapo, kwa mshahara wa pauni 100 kwa mwaka.

Fedha hizo alizitumia kwanza kumsomesha Robert. Alimnunulia punda wa kumpeleka shule huko Newcastle, na jioni kijana aliporudi, baba na mwana walisoma pamoja masomo ya siku ile. Hivyo ada ya mtu mmoja ilisomesha wawili.

Gari la moto la Killingworth

Mwaka 1814 Stephenson alitengeneza gari lake la kwanza la mvuke, lililoitwa Blücher. Hakuwa wa kwanza duniani. Richard Trevithick alimtangulia kwa miaka kumi, na wengine walikuwa wakijaribu katika migodi ya jirani. Blücher lilivuta tani 30 za makaa kupanda mwinuko, kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu.

Ni hapo Killingworth kipimo chetu kilipoanzia. Reli za mgodi ule zilikuwa na upana wa karibu futi 4 na inchi 8, kwa sababu ndio uliofaa magari ya makaa yaliyovutwa na farasi. Stephenson hakukaa mezani kutafuta upana ulio bora kuliko wote. Aliukuta, akaona unafanya kazi, akatengeneza injini yake iendane nao. Wako wasemao kwamba upana huo ulitoka kwa magari ya vita ya Warumi. Hiyo ni hadithi ya kupendeza tu. Asili iliyo wazi ni magari ya makaa na farasi wa migodi.

Tarehe 27 Septemba 1825 ilifunguliwa reli ya kutoka Stockton hadi Darlington, ambayo Stephenson ndiye aliyekuwa mhandisi wake. Aliijenga kwa kipimo kile kile cha Killingworth.

Aibu ya vipimo

Katika mwaka huo huo Stephenson alipata fedheha kubwa kuliko zote za maisha yake. Wafanyabiashara walitaka kujenga reli kati ya miji ya Liverpool na Manchester, wakamkabidhi kazi ya kupima ardhi. Yeye aliwaachia wasaidizi sehemu kubwa ya kazi hiyo, wala hakuihakikisha. Wenye mashamba waliwafukuza wapimaji, wakalazimika kupima kwa haraka na kwa kujificha.

Alipoitwa mbele ya kamati ya Bunge, wakili wa wapinzani alimhoji kwa siku kadhaa juu ya vimo vya ardhi, upana wa mto na urefu wa madaraja. Majibu yake yalipingana, na vipimo vilionekana kuwa na makosa makubwa. Muswada ukaanguka, naye akaondolewa kazini. Wapimaji wengine waliirudia kazi, Bunge likakubali mwaka 1826, na wenye reli wakamrudisha Stephenson aijenge, maana hawakumpata mwingine aliyejua injini na reli kama yeye.

Safari hii hakuzembea. Palikuwa na kinamasi kikubwa kiitwacho Chat Moss, ambacho wengi waliapa kwamba kitameza reli na treni. Watu wa kwetu wanaojua mabonde yenye mafunjo wataelewa shida yake. Stephenson alitandika matabaka ya matawi na majani yaliyofumwa, akaweka udongo na kokoto juu yake, mpaka njia ikaelea juu ya kinamasi. Treni hupita hapo hata leo.

Nusu inchi

Hapa yafaa tueleze jambo moja la ufundi. Gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani, unaoteremka kando ya chuma cha reli ili gurudumu lisitoke. Reli ikibana mno, kingo husuguana na vyuma, hasa kwenye kona, na treni hukwama au hupanda juu ya reli. Ikilegea mno, gurudumu huanguka katikati. Kwa hiyo lazima pawepo nafasi kidogo ya kuchezea.

Injini zilipozidi uzito na mwendo, futi 4 na inchi 8 zilionekana kubana. Basi katika reli ya Liverpool na Manchester vyuma vilisogezwa nje kwa nusu inchi, yaani milimita 13 hivi, huku magurudumu yakiachwa yalivyokuwa. Kutoka hapo kipimo kikawa futi 4 na inchi 8 na nusu, ambazo ni milimita 1,435.

Mwezi Oktoba 1829 yalifanyika mashindano ya injini huko Rainhill, kwa zawadi ya pauni 500. Injini ya Rocket, ambayo Robert Stephenson ndiye hasa aliyesimamia utengenezaji wake, ilishinda, na ilipokimbia kwa kasi yake yote ilikaribia maili 30 kwa saa. Reli ikafunguliwa tarehe 15 Septemba 1830. Siku hiyo ya furaha iliingia msiba, kwani mbunge William Huskisson aligongwa na Rocket akafa.

Vita vya vipimo

Baada ya hapo kila mji ulitaka reli. Reli nyingi zilikuwa fupi, mbali na nyingine, na wenye nazo waliona kila mmoja aweza kuchagua upana wake. Stephenson alishikilia kwamba zijengwe kwa upana mmoja hata kama ziko mbalimbali, kwa kuwa iko siku zitakutana.

Mhandisi Isambard Kingdom Brunel hakukubali. Alipoijenga reli kubwa ya magharibi, kutoka London kwenda Bristol, alichagua upana wa futi 7 na robo inchi. Tuseme kweli, hoja zake zilikuwa na nguvu. Treni zake zilikuwa tulivu zaidi, nazo zilikimbia kuliko za Stephenson. Kama kipimo kingechaguliwa kwa ubora wa treni moja peke yake, huenda Brunel angeshinda.

Lakini mwaka 1844 reli za vipimo viwili zilikutana katika mji wa Gloucester. Hapo kila behewa lilisimama. Mizigo yote ilishushwa na kupakiwa tena katika mabehewa ya upande wa pili. Vyombo vikavunjika, vitu vikapotea, abiria wakahama na mizigo yao katika msongamano. Serikali iliunda tume mwaka 1845. Tume ilifanya majaribio ya mwendo na kuona kwamba reli pana ni za kasi zaidi. Hata hivyo ilikuta kuna karibu maili 1,900 za kipimo cha Stephenson, na chini ya maili 300 za kile cha Brunel. Sheria ya mwaka 1846 ikaagiza kwamba reli mpya za abiria katika Uingereza zifuate futi 4 na inchi 8 na nusu, isipokuwa zile zilizoruhusiwa na Bunge kwa sheria yake maalumu.

Reli za Brunel hazikutoweka mara moja. Sehemu ya mwisho ilibadilishwa mwezi Mei 1892, wakati wafanyakazi zaidi ya 4,000 walipojipanga njiani na kusogeza vyuma kwa siku mbili. Ndiyo gharama ya kuchagua peke yako halafu kulazimika kurudi kwa wenzako.

Stephenson aliishi mpaka akaiona sheria ile. Miaka yake ya mwisho alikaa karibu na mji wa Chesterfield, akilima bustani na kushindana na majirani kuotesha mananasi katika nyumba za vioo. Alifariki tarehe 12 Agosti 1848, akazikwa ndani ya Kanisa la Utatu Mtakatifu la mji huo.

Kipimo hicho kwetu Afrika Mashariki

Wajerumani walipoanza reli ya Tanga mwaka 1893 walitumia mita 1. Waingereza walipoanza reli ya Mombasa mwaka 1896 walitumia mita 1 pia, kwa kuwa walitaka kuleta injini na mabehewa kutoka India, ambako reli za mita moja zilikuwa nyingi. Wakoloni hao wawili hawakuwa marafiki, lakini vyuma vyao vilipatana; kwa hiyo baadaye reli hizo ziliweza kuunganishwa, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likaziendesha pamoja hadi mwaka 1977.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, ilifuata milimita 1,067, ili iungane na reli za Zambia na kusini. Tofauti yake na Reli ya Kati ni milimita 67 tu, pungufu ya upana wa kiganja. Lakini kwa sababu ya upana huo wa vidole, mizigo inayotoka reli moja kwenda nyingine hupakuliwa na kupakiwa upya, kama ilivyokuwa Gloucester.

Sasa kipimo cha Stephenson chenyewe kimefika nchini. Treni za reli mpya ya kisasa zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024, na upana wake ni milimita 1,435. Ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulianza mwaka 2021. Kitakapokamilika na kuunganishwa, mtu wa Bukoba atashuka melini na kupanda treni inayokwenda juu ya upana wa magari ya makaa ya Killingworth, ikiongezwa ile nusu inchi.

Kigezo cha reli ndogo

Tuliwaahidi vijana neno la ufundi. Wako watu wengi duniani wanaojenga kwa mikono reli ndogo za mfano, na chombo chao cha kwanza ni kigezo, yaani kipande cha chuma au mti mgumu kinachoshika vyuma viwili katika upana ulio sawa wakati wa kuvipigilia.

Kwanza chagua mfano utapunguzwa mara ngapi. Kipimo kinachotumika sana ni kupunguza mara 87. Milimita 1,435 zikigawanywa kwa 87 hupatikana 16.5. Huo ni upana mdogo, unahitaji jicho kali na zana nzuri. Kwa anayeanza na msumeno na tupa tu, afadhali milimita 45. Upana huo hufaa reli ya kisasa iliyopunguzwa mara 32, na pia hufaa reli yetu ya zamani ya mita moja ikipunguzwa mara 22 na nusu.

Chukua kipande cha mninga uliokauka vizuri, au bapa la chuma, ambalo ni bora zaidi kwa kuwa halivimbi kwa unyevu. Kata mifuo miwili, kila mmoja ukitosha unene wa chuma chako cha reli bila kulegea. Kumbuka kwamba milimita 45 hupimwa kati ya nyuso za ndani za vyuma, wala si katikati ya mifuo. Kata pungufu kidogo, kisha malizia kwa tupa polepole, ukipima kila mara. Jaribu kwa magurudumu yako: yapite bila kubana, yakiwa na nafasi ndogo ya kuchezea.

Kwa kona, tengeneza kigezo cha miguu mitatu. Miguu miwili hukaa juu ya chuma cha nje ya kona na mmoja juu ya chuma cha ndani. Kwa namna hiyo chenyewe huongeza upana kidogo kadiri kona inavyokuwa kali, na kufanya kazi ile ile ya nusu inchi ya Stephenson.

Mwisho, vigezo vyote vipimwe kutoka kwa kimoja cha kwanza, wala usipime cha tatu kwa cha pili, kwa maana kosa dogo huzaa kosa kubwa. Na kama kijana wa Bukoba anajenga reli yake na mwenzake wa Muleba anajenga yake, wapelekeane kigezo kabla ya taruma la kwanza kupigiliwa. Iko siku watataka kuziunganisha.